Kamshafti Mbili Mkekani

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu gereji moja ya Ng'ambo, hapa Tabora, nikakuta vijana wanafukia lile shimo la katikati ambalo mafundi wa zamani walikuwa wakiingia kufanya kazi chini ya magari. Siku hizi wana mashine ya kunyanyua, wakaniambia, na shimo limebaki kukusanya maji ya mvua na vyura. Nikasimama kuwatazama wakimwaga udongo kwa koleo. Harufu ya oili chafu ikapanda pamoja na vumbi, nikaegemea ukuta, na kijana mmoja akaniletea kiti akidhani ni jua. Sikumwambia kwamba nilipokuwa na miaka saba niliwahi kuketi ndani ya shimo kama lile, nikiwa nimekusudia nizikwe mimi kwanza kabla hawajamzika baba yangu.

Baba alikuwa na lori moja la dizeli lenye tabo, ile inayopuliza hewa ndani ya injini na kupiga mluzi dereva akikanyaga mafuta. Rangi yake ilikuwa ya bluu, imepauka kwa jua. Nyumba yetu ya Isevya iliishi kwa lori hilo. Baba akibeba mchele wa Igunga, tulikula wali. Akibeba asali, tulichovya vidole. Akibeba tumbaku, tulipiga chafya wiki nzima.

Lakini mimi nilikuwa mgeni katika nyumba hiyo. Nililelewa na bibi kijijini, upande wa Isikizya, tangu nilipoachishwa ziwa, nikaletwa mjini ili nianze darasa la kwanza. Baba nilikuwa nimemjua kwa vipande tu: honi ya lori njiani, kilo mbili za sukari, mkono mkubwa kichwani mwangu, halafu vumbi. Sasa nilikuwa naishi naye. Nilijua anavyokunywa chai kwa kelele, nilijua kwamba ananiita mayu, jinsi Wanyamwezi wanavyomwita mama, ingawa mimi ni binti yake. Ndiyo kwanza nilikuwa nimempata, na sikuwa na nia ya kumgawa kwa mtu yeyote.

Basi siku moja lori lilirudi kutoka Igunga likiwa limefungwa mnyororo nyuma ya lori la mwenzake. Likaachwa gerejini kwa Mzee Pazi, na kesho yake alasiri Mzee Pazi akaja nyumbani kutoa habari.

Alikuwa mzee mfupi wa Kizaramo, mwenye kofia ya kufuma na ovaroli iliyokauka kwa grisi mpaka ingeweza kusimama yenyewe. Baba yake alikuja Tabora na kazi za reli, yeye akazaliwa hapahapa, ila ukimuuliza kwao alikutajia Maneromango. Nilikwenda kumpokea kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mke wangu," akajibu, akanipita. Alipofika katikati ya ua akavua kofia, akajitupa chini mavumbini na kuanza kuomboleza. "Uwiii! Jamani, marehemu alikuwa mtu wa watu! Nani atatubebea mchele sasa? Uwiii!"

Mimi nilirudi nyuma hadi mlangoni. Mama akachungulia kutoka jikoni, mwiko mkononi, wala hakushtuka.

"Lia taratibu, Mzaramo. Ukilia sana utasikia njaa, na hapa hakuna pilau ya matanga."

Leo naweza kuwaeleza. Zamani Wanyamwezi walibeba mizigo mabegani kutoka huku kwetu hadi pwani, na huko walipokelewa na Wazaramo. Wakagombana, wakauguzana, wakazikana njiani. Wakaishia kuwa watani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, kuchukua kuku wako, hata kuingia kaburini kwenye msiba wako na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Hukasiriki. Ukikasirika, umekosa adabu wewe. Ila hayo yote hakuna aliyenieleza, maana watu wazima hudhani mtoto huzaliwa anayajua.

Nilichokielewa siku ile ni kwamba kuna mtu amekufa, na mama yangu anacheka.

Aliyekufa alikuwa kamshafti. Hiyo ni chuma kirefu kuliko mchi wa kutwangia, chenye nundu nyingi, kinachozunguka ndani ya injini. Kila nundu ikifika juu inasukuma valvu, kilango cha kupitisha hewa, ifunguke, ikishuka valvu inafunga. Nundu za kamshafti yetu zilikuwa zimelika. Ndiyo maana lori lilikuwa likikohoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Kamshafti ya asili ya lori lile ilikuwa haipatikani tena, hivyo ilibidi baba achague moja kati ya zile zinazotengenezwa na watu wengine.

Hapo ndipo matatizo yetu yalipoanza, kwa sababu zilikuja mbili.

Ya kwanza aliitafuta Mzee Pazi kwa jamaa zake wa Mwanza. Ya pili aliileta baba mdogo. Huyu alikuwa mdogo wake baba, dereva Dar es Salaam, mtu wa maneno mengi na miwani ya jua. Aliituma kwa basi ikiwa imefungwa kwenye blanketi, kisha akapiga simu, na baba akaweka sauti kubwa sote tusikie.

"Kaka, hiyo ni ya mwendo! Huku mjini wote tunafunga hiyo. Ukiifunga utapanda Sekenke huku unamenya chungwa!"

Kwa kutaja Sekenke alikuwa amemgusa baba palipo na donda. Sekenke ni ule mlima mkali unaoukuta ukitoka Igunga kwenda Singida, ambao madereva waliuongelea kama mtu mwenye roho mbaya. Safari yake ya mwisho baba aliupanda na magunia ya mchele kwa mwendo wa kinyonga. Basi la abiria likampita, na mtoto mmoja akamtolea ulimi dirishani. Baba alituhadithia ulimi ule mara tatu, kila mara ulikuwa mrefu zaidi.

Siku ya kuchagua, Mzee Pazi alitandika mkeka barazani akazilaza zote mbili sambamba. Zilikuwa zinang'aa kwa mafuta. Nilipopitisha kidole niliona zinafanana, ila hii ya Dar es Salaam nundu zake zilikuwa nene na zimejaa, kama mashavu ya mtu anayepuliza moto. Ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri zaidi kuitazama. Baba aliishika muda mrefu, na nilimwona usoni kwamba ameshaipenda.

"Mtani," Mzee Pazi akasema, "hii yangu ni ya mzigo. Hiyo uliyoikumbatia ni ya mwendo. Ukiifunga hiyo, mimi nakuzika."

"Utanizika wewe? Mfupi kama kigoda?"

"Tena kaburi nimeshachimba, lipo pale gerejini. Simama nikupime."

Akatoa futikamba mfukoni. Na baba, baba yangu mwenyewe, akasimama wima huku anacheka, akajiacha apimwe kutoka kisigino hadi utosini.

"Safi. Utaenea bila kukunja miguu." Mzee Pazi akamgeukia mama. "Na wewe eda ikiisha nakuchukua. Huyu binti atakuwa ananikorogea uji."

"Mchukue huyo hata leo," mama akasema akimimina chai. "Nimechoka kumfulia hayo masuruali ya dizeli."

Wakacheka wote watatu. Baba alicheka mpaka akashika ubavu.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ukingo wa baraza, nimeshika nguzo. Nilikuwa mtoto wa hesabu. Nikajumlisha: kuna mtu amekuja kuomboleza kabla ya msiba, kaburi limechimbwa, baba amepimwa, mama amekubali na chai amempa. Hata mume mpya alikuwa amejulikana. Kilichokuwa hakijulikani ni kitu kimoja tu, nacho ni chuma gani baba atachagua.

Labda mtasema ningeuliza. Ningemuuliza nani? Mama alikuwa upande wao. Bibi alikuwa mbali. Kwa baba niliona aibu, maana nilidhani anajua na amejikaza kiume, na kwamba nikilitaja jambo lile nitamvunja moyo. Kwa hiyo nilinyamaza nikawa namfuata kila anapokwenda, mpaka mlangoni mwa choo, akawa ananiuliza, "Mayu, umepoteza nini?"

Siku mbili baadaye mama alinituma gerejini na chakula cha mafundi, nikaliona. Lilikuwa katikati ya banda, limesakafiwa vizuri kwa saruji, pande zake zimenyooka, refu na jembamba. Nikasimama ukingoni. Nilimlaza baba mle ndani kwa mawazo tu, kichwa huku, miguu kule, nikaona kweli anaenea na nafasi inabaki. Nikaacha bakuli juu ya tairi nikakimbia hadi nyumbani, ndala moja mkononi.

Ijumaa jioni, tukiwa mezani, baba akatangaza.

"Nimeamua. Nafunga ya mwendo."

Mama hakucheka safari hii. "Umemsikiliza Pazi lakini?"

"Pazi anatania tu. Huyo lini amewahi kusema jambo la maana?"

Mpaka leo nikikumbuka sentensi ile nakasirika kidogo, halafu nacheka. Katika nyumba ile walikuwapo watu wawili waliomsikia Mzee Pazi vibaya. Mimi niliamini kila neno lake. Baba hakuamini hata moja. Mzee wa watu alikuwa amemwonya rafiki yake kwa lugha pekee waliyoizoea, na kwa sababu waliizoea mno, onyo likapita kama mzaha wa kila siku.

Jumamosi asubuhi baba alikwenda gerejini na kamshafti ya mwendo begani, imerudishwa kwenye blanketi lake. Nikamfuata. Mafundi walikuwa wanajiandaa kulisukuma lori lisimame juu ya shimo ili wafungue injini kwa chini. Mzee Pazi alikuwa anapanga spana, kimya. Nilisubiri wote wageukie lori, nikashuka ngazi ya chuma, nikaenda hadi mwisho wa shimo, nikakaa chini na kukunja mikono.

Kulikuwa na baridi mle ndani. Niliona mstatili wa mabati juu yangu, kisha kichwa cha fundi mmoja kikatokea na kupiga kelele, "Simamisheni! Kuna mtoto shimoni!"

Baba akaja. "Mayu! Unafanya nini humo? Toka!"

"Sitoki."

"Toka nimesema, lori linakuja hapo!"

"Sitoki. Nizikeni mimi kwanza." Nikakumbatia magoti. "Mpaka useme utafunga ile ya mzigo. Ukifunga ya mwendo Mzee Pazi anakuzika humu, amekupima. Na mimi sitaki kumkorogea uji!"

Gereji nzima ikalipuka. Mafundi walicheka wakapiga mabodi ya magari kwa viganja. "Huyu ndiye mtani wa kweli!" mmoja akasema. "Ameingia kaburini, mpeni chake atoke!" Sikujua kwamba nilikuwa nimefanya vilevile kama watani wanavyofanya kwenye mazishi tangu enzi za mababu. Nilichojua ni kwamba wananicheka, nami nikaanza kulia kwa hasira.

Aliyekuwa hacheki ni mmoja tu. Mzee Pazi alishuka ngazi akiwa na kamshafti yake mkononi, akaagiza ateremshiwe na ile nyingine, akaketi karibu yangu sakafuni.

"Hili si kaburi, mjukuu wangu," akasema. Hakuniita mke wake. "Kaburi halina ngazi. Unaona ile? Nashuka asubuhi, napanda jioni, miaka mingi sasa. Yale ya kumzika baba yako yalikuwa utani. Mimi na yeye ndivyo tunavyopendana."

"Kwa hiyo hafi?"

Mzee akashusha pumzi. Nilimwona akiangalia juu, alikosimama baba, kisha akanirudia mimi, akawa anasema polepole na kwa sauti ya kutosha kusikika juu.

"Ngoja nikueleze, kisha useme mwenyewe. Injini ina milango midogo. Hewa inaingia, mlango unafungwa, nguvu inazaliwa humo ndani. Chuma hiki ndicho kinachofungua milango. Hii yangu inafungua kiasi na kufunga mapema. Hii ya baba yako mdogo inafungua sana, na inachelewa kufunga. Lori likikimbia kwenye lami tambarare, halina mzigo, hapo ni raha. Lakini likipanda Sekenke na magunia, injini inazunguka taratibu. Mlango ukiwa wazi muda mrefu, nguvu inatoka nje. Unakanyaga mafuta, lori halivuti, linatoa moshi tu. Tabo inapiga mluzi bure."

"Halafu?"

"Halafu kuna pistoni, inapanda na kushuka. Katika injini za dizeli kama hii, nafasi kati ya pistoni na mlango ni ndogo, unene wa ukucha. Nundu zikiwa nene hivi, mlango unateremka sana. Siku moja pistoni itapanda, itaukuta mlango haujaondoka."

"Watagongana."

"Watagongana. Injini itazima palepale, na pengine ni katikati ya mlima. Mzigo utataka kurudi ulikotoka, na breki za upepo zitategemea pumzi iliyobaki kwenye tangi." Akanipangusa uso kwa upande safi wa mkono wake. "Hilo ndilo kaburi nililokuwa nasema mimi. Nilisema kwa mzaha kwa sababu sijui kumwambia baba yako kwa namna nyingine."

Hakuna aliyecheka tena. Niliona viatu vya baba pembeni mwa shimo, havisogei. Nilisikia mtu anazima redio.

"Mtani," baba akasema hatimaye, "mbona hukunieleza hivyo siku ile?"

"Nilikueleza. Ulikuwa unacheka."

Baba akachuchumaa pale ukingoni. Alikuwa mtu mwenye fahari, na mafundi wote walikuwa wanamtazama. Angeweza kuninyanyua kwa mkono mmoja, akafunga alichokitaka. Badala yake alinyoosha mkono chini, si kwangu, kwa Mzee Pazi, akapokea ile kamshafti nyembamba ya mzigo.

"Funga hii," akasema. "Mabasi na yapite."

Nilipanda ngazi ile mwenyewe. Miguu ilikuwa myepesi mpaka nikakosea kipago cha juu, baba akanidaka.

Ilibaki safari yenyewe. Alipakia mchele Igunga akaelekea Singida, na nyakati zile ukifika bonde la Wembere simu zilikuwa zinakata, kwa hiyo hatukuwa na habari. Siku ya kwanza Mzee Pazi alipita nyumbani alasiri, eti anadai spana yake. Siku ya pili akaja kunywa maji. Siku ya tatu hakutafuta hata kisingizio, akaketi tu barazani na tasbihi yake. Mama akamuuliza kama ameshahamia. Akajibu, "Ndiyo, nileteeni mto," lakini macho yake yalikuwa barabarani. Mimi nilikaa kando yake, nikiitazama barabara hiyohiyo.

Siku ya nne, jua likiwa limelegea, tukasikia mluzi wa tabo kabla hatujaliona lori. Mzee Pazi alisimama kabla yangu. Lori likaingia uani taratibu, moshi wake mwepesi, injini inanguruma sawasawa. Baba akashuka akiwa amejaa vumbi mpaka kope.

"Mtani!" akaita. "Bado hujaoa mke wangu tu?"

Ilikuwa zamu ya Mzee Pazi. Nilimtazama nikisubiri tusi lenyewe, maana kwa wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuyapenda.

"Umepandaje?" akauliza.

"Gia ya pili, toka chini mpaka juu. Wamenipita wote, hata tela la pamba limenipita. Lakini haijakohoa hata mara moja."

"Alhamdulillahi," Mzee Pazi akasema. Akamshika baba mabega yote mawili, akamtazama muda. "Nenda kapumzike, ndugu yangu."

Akavaa ndala zake akaondoka, bila kuchukua kuku wala kumtukana mtu. Mama alimsindikiza kwa macho hadi kona ya barabara.

"Huyu leo kulikoni?"

"Alikuwa anaogopa," baba akasema.

"Fundi mzima anaogopa nini?"

"Kamshafti ni yeye aliyenichagulia."

Baba aliingia ndani, hakufika hata kitandani. Akajilaza kwenye mkeka wa sebuleni na viatu vyake. Nikakaa kando ya kichwa chake.

"Baba, utakwenda tena?"

"Nitakwenda, mayu. Na nitarudi."

"Polepole?"

"Polepole," akasema, macho yameshafumba. Baada ya muda kidogo akaanza kukoroma, mkoromo mkubwa mbaya uliowafukuza kuku wawili waliokuwa wameingia sebuleni. Mama akasema nimgeuze ubavu ili anyamaze. Sikumgeuza.